Waliopiga Makofi Siku ya Kuzindua Kituo cha Roki Bukima

Jumamosi, 14 Juni 2025. Asubuhi mawingu mepesi na upepo wa ziwa wenye baridi kidogo. Saa tatu jua likatoka. Wiki ya mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, wanaume wote wako nyumbani, kwa hiyo ukumbi ulijaa bila watu kuitwa mara mbili.

Naandika hotuba yote kama ilivyosomwa, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa Vidole Vitano, kikundi chetu cha wapiga gitaa la gemu. Lakini kwanza niandike habari za gitaa.

Gitaa ni la Gaudensia, mama Kulwa. Halina nyuzi. Ni la plastiki, lina vitufe vitano vya rangi shingoni na kijiti cha kukwaruza tumboni. Unalichomeka kwenye mashine ya gemu, nyimbo za roki za wazungu wa zamani zinapigwa, vidoti vya rangi vinateremka kwenye runinga, nawe unabonyeza rangi ile ile inapofika chini. Mwalimu wa kujitolea aliyepanga kwake miaka miwili alimwachia vyote siku ya kuondoka. Kuanzia Bunda mpaka Musoma mjini hatujasikia lingine. Mama Kulwa ni mshonaji wa nyavu, vidole vyake vinaona vyenyewe, na hakuna kati yetu aliyewahi kumfikia kwa alama. Mwezi wa kumi mwaka jana ofisi ya mradi wa roki, ya Musoma mjini, ililiazima kwa siku tatu. Hii ni miezi minane. Tumekuwa tunapiga kwa pedi ya kawaida ya gemu, ya kushika kwa mikono miwili, ambayo ni sawa na kula ugali kwa uma. Kesho timu ya kijiji cha Suguti inakuja kushindana nasi.

Jana jioni alikuja Lukas, afisa itifaki wa mradi, amelibeba gitaa ndani ya shuka. Alikuwa na shida yake. Mheshimiwa, yaani mratibu mkuu wa mradi, alihutubia mahali fulani wiki iliyopita, hakupigiwa kofi hata moja, na njiani alimnunia Lukas mpaka nyumbani. Sasa Lukas alikuwa amegundua kitu. Ndani ya gemu kuna umati wa watu waliochorwa: ukipiga vizuri wanashangilia, ukikosea wanazomea, ukizidi kukosea wimbo unakatwa. Muziki wenyewe unaweza kuuzima na sauti ya umati ukaiacha.

"Mama Kulwa," akasema, "wewe kesho ukae nyuma ya pazia na runinga yako. Mheshimiwa akiongea, wewe unapiga. Wao watashangilia kwenye spika. Yeye hatajua."

"Na gitaa?"

"Hotuba ikiisha ni lako, mama yangu. Neno la mwanamume."

"La mwanamume nimeshalisikiaga," akasema mama Kulwa. "Nipe la Lukas."

Lukas akampa mkono. Ndivyo tulivyofanya. Humu chini nimeandika Umati kwa wale wa kwenye gemu, na Watu kwa sisi wenyewe. Ratiba ilisema saa nne. Alianza saa nane na robo.

HOTUBA YA NDUGU SILASI MUGETA, MRATIBU MKUU WA MRADI UNGANISHI WA ROKI KWA MAENDELEO (MUROMA)

Ndugu Mgeni Rasmi, nafasi ambayo nimeombwa niishike mwenyewe baada ya mgeni rasmi kupata udhuru. Ndugu Mwenyekiti wa shughuli hii, nafasi ambayo pia naikaimu. Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji mliopo, mliotuma wawakilishi na mliotuma salamu. Watumishi wa Mungu wa madhehebu yote. Kamati ya mwalo wa samaki na viongozi wake wa sasa na waliojiuzulu. Akina mama wa vichanja vya dagaa. Wakulima wa pamba mliotoka Bunda katika wiki ya mavuno, jambo linaloonyesha uzito wa mradi huu au wepesi wa mavuno. Wafugaji wa Butiama, pamoja na mifugo yenu huko mlikoiacha. Vijana wa rika zote, ukiwemo ujana wa wazee. Wanahabari, kama wapo. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Watu: mtoto mmoja anakohoa.)

Narudia, itifaki imezingatiwa.

(Umati: makofi marefu na miluzi.)

Ahsanteni. Ahsanteni sana, wananchi wa Bukima. Nasikia kwamba nje kuna wenzetu wengi ambao ukumbi haukuwatosha, na ninawaomba wawe watulivu, wasisukumane, hotuba hii inawahusu wao kwa kiwango kile kile inavyowahusu waliopata viti.

(Watu: wanageuka kutazama nje. Nje kuna mbuzi wawili na gari la mheshimiwa.)

Ndugu zangu, tumekusanyika siku ya leo kwa lengo la kukusanyika, na baada ya hapo kuzindua rasmi Kituo cha Umahiri wa Roki ya Kidijitali, Kanda ya Ziwa, Tawi la Mara, Ofisi Ndogo ya Bukima, ambacho ni cha kwanza kati ya vituo vitatu, cha pili kikiwa Manyamanyama pale Bunda na cha tatu kikiwa Butiama. Wapo wanaouliza, kwa nini roki, na kwa nini ya kwenye gemu? Ni swali zuri, na nilijiuliza mimi mwenyewe kabla hajalifikia mtu mwingine. Classic rock, ndugu wananchi, ni muziki ulioimbwa na wazee wa Kizungu walipokuwa vijana, wakiwa na nywele za kufika mabegani na suruali za kubana, na kimsingi walikuwa wanazilalamikia serikali zao. Sisi kama MUROMA tumefanya adaptation: malalamiko tumeyaondoa, tumebaki na gitaa.

(Umati: makofi.)

Tafiti zinaonyesha, na nikisema tafiti namaanisha zile tulizozifanya wenyewe pale ofisini tukiwa tumekaa, kwamba asilimia tisini na tisa nukta sita ya wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama wana vidole kumi, na kwamba kati ya vidole hivyo kumi, vinavyoshiriki kikamilifu katika uchumi wa kidijitali ni viwili tu, yaani dole gumba la kulia na dole gumba la kushoto, hivi hapa, vile vya kubonyezea simu. Maana yake nini? Maana yake kila mwananchi anatembea na gap ya vidole vinane ambavyo havijafikiwa na huduma.

(Masatu, mvuvi, ananyoosha mkono: "Mheshimiwa, mimi ninavyo tisa. Kimoja kilibaki kwenye injini ya mtumbwi.")

Nakushukuru, ndugu yangu. Takwimu imekuzingatia. Wewe uko kwenye ile nukta.

(Watu: kicheko. Umati: makofi. Masatu ameridhika, anakaa.)

Sasa, kwenye gitaa la vitufe, mwananchi anatumia vidole vinne vya kushoto, na kwa mkono wa kulia anakwaruza, na wakati huo huo macho yanasoma, masikio yanasikia na mguu unapiga chini, na hiyo ndiyo kitaalamu tunaiita integrated approach. Mimi nilipoingia katika ofisi hii nilikuta faili za miradi ya nyuki, ya bata mzinga, ya vizimba vya samaki na ya matofali ya kufungamana, lakini mradi wa roki sikukuta hata mmoja. Hata mmoja, ndugu zangu. Nikawaita wasaidizi wangu, nikawauliza, hawa watangulizi wangu walikuwa wanafanya nini muda wote huo? Wakaenda kulitafuta jibu, na mpaka leo hawajarudi.

(Umati: makofi, miluzi, wengine wanaliita jina la bendi. Mama Kulwa amemaliza wimbo wa kwanza bila kosa.)

Nimeguswa. Nilikotoka wiki iliyopita sikupata mwitikio wa namna hii, na sitawataja, kwa kuwa kiongozi hana kinyongo, ingawa nimewaandika.

Mradi una awamu tano. Awamu ya kwanza ni kuandaa awamu ya pili, na ninayo furaha kuwatangazia kuwa imekamilika kwa asilimia mia moja na nne. Awamu ya pili ni capacity building, ambapo maafisa kumi na wawili watajengewa uwezo wa kuwajengea uwezo watakaojengewa uwezo. Awamu ya tatu ndiyo yenyewe: magitaa mia nne na hamsini, runinga sitini, mashine sitini, na viti, kwa kuwa utafiti umebaini kwamba mpiga roki akichoka hukaa. Awamu ya nne ni tathmini. Awamu ya tano ni kuipongeza tathmini.

(Nyamburi, nahodha wa timu ya Suguti, aliyekuja mapema kuangalia uwanja wa kesho, anasimama: "Mheshimiwa, hayo magitaa mia nne na hamsini yako wapi?")

Yapo njiani, dada yangu.

("Njia ipi? Mimi nimekuja kwa hii ya Suguti, nimekutana na mbuzi tu.")

Zipo njia na njia. Kuna njia ya barabara na kuna njia ya mchakato, na magitaa haya yanakuja kwa mchakato.

(Umati: makofi. Nyamburi anakaa, anamwambia jirani yake: "Hao wanaopigaga makofi huko nyuma ni akina nani? Mbona wana furaha hivyo?")

Na sasa nifike kwenye kiini. Mnalifahamu lile gitaa la kwanza, gitaa mama, ambalo mwananchi mmoja mzalendo wa hapa Bukima alilitoa kwa hiari yake kwa ajili ya kuanzisha safari hii. Gitaa hili limefanya kazi kubwa. Limepigwa picha nikiwa nimelishika, limepigwa picha likiwa mezani kwangu, na limekwenda Dodoma na kurudi likiwa limekaa kiti cha mbele. Ofisi imetafakari na kuona kwamba si busara chombo chenye historia ya namna hiyo kirudi kwenye mazingira ya moshi wa samaki. Kwa hiyo ninatangaza rasmi kwamba kuanzia Jumatatu gitaa hili litahifadhiwa ndani ya kabati la kioo, Musoma mjini, ofisini kwangu, ambapo kila mwananchi atakuwa huru kuja kulitazama, siku za kazi, kuanzia saa tatu mpaka saa sita, akiwa na barua ya mtendaji.

(Watu: mikono magotini. Lukas ameshika kichwa.)

Nimesema, litahifadhiwa kwenye kioo.

(Umati: unazomea.)

Nilichungulia pembeni ya pazia. Mama Kulwa alikuwa amekaa wima, vidole viko juu ya vitufe, habonyezi. Anazitazama rangi zikipita kama mtu anavyolitazama basi lisilo lake.

Naona wenzetu wa nje wana hoja. Ni haki yao, na mimi ni kiongozi msikivu. Pengine wanaona Musoma mjini ni mbali. Basi, katika kuzingatia mgawanyo sawa wa fursa, kabati la kioo litawekwa Bunda, pale Manyamanyama, katikati ya soko, mahali ambapo mtu anaweza kununua nyanya na kutazama gitaa kwa safari moja.

(Umati: unazomea kwa nguvu zaidi. Wakulima wa Bunda wanatazamana, mmoja, Maige, anasema, "Sisi hatujaliomba, jamani, msituzomee sisi.")

Au Butiama. Nasema au Butiama.

(Umati: unazomea mpaka wimbo unakatwa.)

Lukas alikuja nyuma ya pazia akitembea kwa vidole vya miguu. "Mama Kulwa, unaniua. Ana faili langu la kupandishwa cheo kwenye droo."

"Mimi? Mimi nimekaa tu hapa," akasema mama Kulwa. "Zungumza na hao."

"Bonyeza hata mbili tatu."

"Ulinipa mkono, baba. Mwambie na yeye."

Lukas akatoka, akampelekea mheshimiwa karatasi iliyosema wa nje wanataka gitaa libaki Bukima. Mheshimiwa akaisoma, akanywa maji, akaifunika chupa polepole. Nyuma ya pazia mama Kulwa alichagua wimbo mwingine, ule wenye kipande kirefu cha gitaa pekee katikati, ambao sisi wengine hatujawahi kuumaliza. Hakuuanza. Aliweka kidole tu.

Ndugu wananchi. Baada ya mashauriano ya kina niliyoyafanya na mimi mwenyewe hapa hapa jukwaani, na kwa kuzingatia maoni ya wadau walioko ndani, nje na nyuma, imeonekana kwamba gitaa hili linaweza kubaki Bukima.

(Umati: unaanza kushangilia kidogo.)

Chini ya uangalizi wa ofisi yangu.

(Umati: unaanza kuzomea.)

Nilikuwa sijamaliza sentensi. Chini ya uangalizi wa ofisi yangu, uangalizi ambao ninauondoa leo. Gitaa linarudi kwa mwenyewe, Bibi, Bibi, (Lukas: "Gaudensia, mheshimiwa.") Bibi Gaudensia, bila fomu, bila kioo na bila barua ya mtendaji, alipige anavyotaka, kwenye moshi au pasipo moshi.

(Umati: unalipuka. Makofi, miluzi, sauti za wanawake. Watu: makofi. Nimeyawekea alama, ndiyo ya kwanza ya watu leo. Mama Kulwa ameingia kwenye kile kipande kirefu na hakosi hata kidoti kimoja.)

Ahsanteni. Sijawahi kupigiwa makofi hivi tangu niteuliwe. Mke wangu angekuwepo. Mmenifungua moyo, na kiongozi aliyefunguliwa moyo hushukuru hadharani, kwa hiyo kabla sijaketi naomba niwashukuru wote waliofanikisha mradi huu.

Nianze na fundi Clementi, aliyechora lile bango zuri la kituo hapo mlangoni kwa rangi ya maji, ambayo tutaifuta jioni ili bango lirudi kuwa mlango. Nawashukuru Vidole Vitano kwa kutuazima ukumbi huu wa kwenu, runinga ya kwenu na wanachama wa kwenu, ambao kwenye taarifa wanaonekana kama kituo cha Bukima. Vile vile wakipigwa picha kutokea dirishani wanaonekana kama kituo cha Manyamanyama. Na wakigeuzwa migongo, kama kituo cha Butiama. Nawashukuru wakulima wa Bunda kwa kuja kujaza viti ambavyo havikuwa sehemu ya awamu ya tatu, kwa kuwa awamu ya tatu, kitaalamu, ipo katika andiko. Awamu ya pili nayo ipo katika andiko. Andiko lenyewe, ndugu zangu, ni zuri sana, lina kurasa tisini na mbili na jalada gumu, na nalishukuru. Wapo watakaosema mradi haupo. Nawajibu hivi: mradi ungekuwepo, tungelazimika kuukagua, na mkaguzi angekuta kasoro. Huu wetu hauna kasoro hata moja.

(Watu: kicheko kikubwa. Masatu anapiga meza kwa vidole vyote tisa. Umati: makofi, maana wimbo umeisha.)

Nikisema roki, mseme juu. Roki! (Watu: "Juu!") Vidole! (Watu: "Kazini!") Mchakato! (Nyamburi peke yake: "Njiani!") Ahsanteni kwa kunisikiliza.

MWISHO WA HOTUBA

Alishuka jukwaani akaenda moja kwa moja kulifungua pazia, akisema anataka kuwapa mkono wananchi wa nje. Akamkuta mama Kulwa na runinga. Kwenye kioo wale waliochorwa walikuwa bado wanarukaruka, wazungu wa nywele ndefu wamenyanyua mikono.

Aliinama, akaisogelea runinga.

"Hawa ndio walionizomea?"

"Ni hao, mheshimiwa," akasema mama Kulwa. "Mimi nilikuwa nafanya kazi yangu tu."

"Na walionishangilia?"

"Hao hao."

Lukas alikuwa amekwisha kusogea karibu na mlango. Mheshimiwa hakumtafuta. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akauliza, "Hii rangi ya njano inabonyezwa na kidole kipi?"

Mara ya kwanza walimkatia wimbo kabla haujafika robo. Akataka kujua kama hawa watu wana kiongozi wao. Mara ya pili, nusu. Mama Kulwa akamshika vidole, kimoja kimoja, akamwambia, "Usizifukuze rangi, baba. Zisubiri zije. Hata nyavu hatuzifuatagi, tunazisubiri." Lukas akaja kukumbusha kwamba huko Butiama kuna watu wanaomsubiri tangu saa saba. "Waambie niko kwenye kikao," akasema mheshimiwa, bila kutoa macho kwenye runinga. Nyamburi alikuwa amekaa kwenye foleni, anapiga kelele: "Bluu, mheshimiwa. Bluu. Haya, imeshapita."

Saa kumi na moja na dakika tano alimaliza wimbo mzima, ule mwepesi, kwa asilimia hamsini na moja. Watu walimpigia makofi, nasi sote tulisimama. Aligeuka kwanza kulitazama pazia. Alipoona ni sisi, alijifuta uso kwa kitambaa.

Tulikuwa na kazi ya kumtoa gitaa mkononi. Mama Kulwa alivuta shingo, yeye alishika tumbo, wakavutana kwa heshima mpaka Lukas akawasha gari.

Muhtasari. Makofi ya watu: mara mbili, ya kwanza gitaa liliporudi, ya pili asilimia hamsini na moja. Kituo: hakuna. Gitaa: lipo, nimeliona kwa macho likiingia kwa mama Kulwa, amelilaza kitandani kwake. Mlango wa ukumbi umefutwa, herufi za ROKI zimegoma kutoka, tumeziacha. Mashindano ya kesho ni saa tisa, Vidole Vitano na Suguti. Kwenye orodha ya wanaoanza kujifunza nimeongeza jina moja lililotumwa kwa simu kutoka njiani: Mugeta, Silasi, bila cheo.

Nalala sasa, saa nne na dakika kumi usiku.